Tahajia, Kalamu na Simu: Historia ya Uandishi wa Kiswahili katika Delta ya Rufiji na Kibiti

Ikisiri

Malalamiko kuwa simu ya mkononi imeharibu tahajia ya vijana yamezoeleka katika shule na ofisi za Tanzania. Makala haya yanayapima malalamiko hayo kwa kuangalia historia ya uandishi katika delta ya Rufiji na Kibiti, eneo ambalo limepokea hati na vyombo kadhaa vya kuandikia ndani ya karne moja na ushei. Hoja inayojengwa ni kwamba makosa mengi anayosingiziwa kijana wa simu ni ya zamani kuliko simu yenyewe, na kwamba vifupisho vilivyozaliwa na simu vina kanuni ambazo asiyejua kuandika hawezi kuzifuata.

Utangulizi

Mwalimu anayesahihisha insha ya mwanafunzi wa kidato cha pili akakuta *2lienda*, *xaxa*, *akuna* na *kupiga kula* huziweka alama nyekundu zote nne na kuzipa chanzo kimoja: simu. Kwa jicho la mwanaisimu, orodha hiyo ina mambo mawili yasiyohusiana. *2lienda* na *xaxa* ni maandishi ya mtu anayejua umbo sanifu na ameliacha kwa makusudi. *Akuna* badala ya *hakuna*, na *kula* badala ya *kura*, ni maandishi ya mtu anayefuata sikio lake. La kwanza lina umri wa miaka ishirini na kitu. La pili lilikuwapo kabla Kiswahili hakijaanza kuandikwa kwa hati ya Kirumi katika Rufiji, na lingekuwapo hata kama simu isingebuniwa. Kuyachanganya mawili haya si kosa dogo, kwa sababu tiba ya moja haiponyi jingine, na mtoto anayenyang'anywa simu ili ajue kuandika *h* atabaki hajui kuandika *h*.

Kobe, kombe, kope, kupe

Delta ya Rufiji haikuwa nchi isiyo na maandishi. Boriti za mikoko zilikatwa huko na kusafirishwa kwa majahazi hadi Unguja na Ghuba, na biashara ya namna hiyo haiendeshwi kwa mdomo mtupu. Hesabu, hati za deni na barua ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, hati ileile iliyofundishwa chuoni kwa ajili ya Kurani. Hati hiyo ilipovishwa Kiswahili ilibana. Ina alama tatu za irabu wakati Kiswahili kina irabu tano, hivyo *e* na *i* ziligawana alama moja, na *o* na *u* nyingine. Katika maandishi mengi herufi *be* ilibeba *b*, *p* na *mb* kwa pamoja. Kwa hiyo maneno *kobe*, *kombe*, *kope* na *kupe* yaliweza kuandikwa sawasawa, na msomaji akaamua mwenyewe kama mwandishi alikuwa anazungumzia mnyama, chombo, jicho au mdudu.

Waliozoea hati hiyo hawakuiona kuwa na upungufu. Msomaji alijua ni nani aliyeandika, alijua shughuli iliyokuwa mezani, na alizijua kanuni za ufunguzi wa barua ambazo Büttner alizihifadhi katika mkusanyo wake wa mwaka 1892. Usomaji ulikuwa kazi ya kukamilisha. Jambo hili linafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kuwa ujumbe usiotamkika herufi kwa herufi ni dalili ya kuporomoka kwa usomi, kwani kwa kipimo hicho makarani na masheikh wote wa pwani wangeanguka mtihani.

Utawala wa Kijerumani uliweka ofisi ya wilaya Mohoro na ofisi ya misitu ya mikoko Salale, ukaleta hati ya Kirumi kama chombo cha kodi na amri. Tahajia yenyewe haikuwa imetulia. Ramani na taarifa za wakati huo zina *Mohorro* kwa *r* mbili, na mto wenyewe unaonekana kama *Rufiji* na *Rufidji*. Ni huko Mohoro ambako Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti 1905, na inafaa kutaja, ingawa ni kando ya mada, kwamba ujumbe wake ulisambaa kwa njwiywila, yaani kwa kunong'onezana, bila barua wala waya wa simu.

Usanifishaji ulifuata njia inayojulikana: mkutano wa Dar es Salaam wa 1925, ule wa Mombasa wa 1928 uliokipa Kiunguja nafasi ya msingi, Kamati ya Lugha ya 1930, na kamusi ya Johnson ya 1939. Katika alfabeti iliyotokana na kazi hiyo, *q* na *x* hazikupata kazi, na *c* iliruhusiwa tu ikiandamana na *h*. Tutaona hapa chini kwamba herufi hizo zilizoachwa nje zilirudi kwa mlango mwingine.

Sikio la Kindengereko

Suala la *l* na *r* linastahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi ya linavyopewa kawaida. Wenyeji wa Kibiti na delta ni pamoja na Wandengereko, Warufiji, Wanyagatwa na Wamatumbi. Jina la kundi la kwanza lenyewe ni ushahidi: vitabu na ofisi za serikali huandika *Ndengereko*, ilhali Ström, katika tasnifu yake ya 2013 kuhusu sarufi ya lugha hiyo, ameandika *Ndengeleko*, kwa kuwa ndivyo wenyewe wanavyotamka. Mtoto aliyelelewa na bibi anayesema hivyo haisikii tofauti ya *kura* na *kula* kama tofauti ya sauti. Kwake ni tofauti ya kukariri. Hata pale ambapo Kindengereko kimeshampisha Kiswahili nyumbani, na Ström anaonesha kuwa kinampisha kwa kasi, matamshi hubaki baada ya lugha kuondoka.

Kudondosha *h* ni tatizo la nchi nzima, na madhara yake kisarufi ni makubwa kuliko ya *l* na *r*. *Ana pesa* na *hana pesa* ni kauli zinazopingana. *Ajafika* si neno la Kiswahili Sanifu lakini kila mtu atalielewa, na hapo ndipo hatari ilipo, maana kueleweka huondoa sababu ya kusahihisha. Kwa upande mwingine, *ntakuja* badala ya *nitakuja*, ambalo walimu hulitia katika kapu hilohilo, ni matamshi ya pwani ya siku nyingi, na washairi wameyatumia vizazi na vizazi ili kutimiza mizani. Mwalimu anayelifundisha umbo hilo katika ushairi asubuhi na kulikata alama katika insha mchana anapaswa angalau kueleza tofauti.

Daftari la kisomo

Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wakulima kutoka bondeni kwenda vijiji vya nyanda za juu. Hama hama hiyo imeandikwa sana kwa upande wa kilimo. Kwa upande wa maandishi, ilikusanya watu mahali ambapo shule na darasa la kisomo vingeweza kuwafikia. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, na Mafia, ng'ambo tu ya delta, ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa 1971. Kitaifa, kiwango cha watu wazima wasiojua kusoma na kuandika kilishuka kutoka takribani asilimia 67 mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi asilimia 9.6 mwaka 1986, kwa mujibu wa mitihani ya kisomo yenyewe.

Mafanikio hayo yalikuwa makubwa. Lakini kisomo kilifundisha kwa silabi: *ba be bi bo bu*, *ta te ti to tu*. Aliyehitimu alijua kugeuza sauti kuwa herufi, na aligeuza sauti zake mwenyewe. Baadaye vitabu vya kujiendeleza vikaadimika, magazeti ya vijijini yakafifia, na wengi waliojifunza ukubwani wakabaki bila kitu cha kusoma. Tahajia haikai kichwani kwa kufundishwa mara moja. Hukaa kwa kuliona neno mara nyingi limeandikwa vilevile. Katika vijiji vya delta, ambako kila karatasi ilipaswa kusafiri kwa mtumbwi na kusubiri maji kujaa, kuliona neno limechapwa kulikuwa bahati.

Mibonyezo kumi, mibonyezo sita

Kampuni za simu za mkononi zilianza kazi Tanzania katikati ya miaka ya 1990, na Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003 liliunganisha kingo za Rufiji ambazo awali zilitegemea kivuko cha Ndundu. Katika muongo huo ujumbe mfupi ulifika Ikwiriri, Kibiti na Nyamisati. Ulikuja na masharti mawili ya kiufundi ambayo yanaeleza mengi.

La kwanza ni nafasi. Ujumbe mmoja una baiti 140, ambazo hutosha herufi 160 za Kirumi. Ukiandikwa kwa herufi za Kiarabu, ujumbe huohuo hutosha herufi 70 tu. Mzee wa delta aliyejua hati ya chuoni peke yake alikuta chombo kipya kinamtoza zaidi ya maradufu, ikiwa simu yake iliweza kuonesha hati hiyo hata kidogo. Simu ikamaliza kimyakimya kazi ambayo ofisi ya Mohoro iliianza.

La pili ni kitufe. Katika simu za vitufe, *s* ni herufi ya nne ya kitufe cha 7, na *x* ni ya pili ya kitufe cha 9. Kuandika *sasa* kulihitaji mibonyezo kumi. *Xaxa* ilihitaji sita. *Si* ilihitaji saba, nayo *c*, ambayo jina lake la Kiingereza hutamkwa *si*, ilihitaji mitatu. *T* na *u* zinakaa kitufe kimoja, cha 8, hivyo aliyetaka *tu* alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena; tarakimu 2 ilipatikana kwa kushikilia kitufe kimoja. Kinachoitwa uvivu wa vijana kilikuwa hesabu, tena hesabu sahihi.

Kanuni za vifupisho hivyo ni za kifonolojia. Tarakimu 2 huchukua nafasi ya silabi *tu* popote ilipo, bila kujali mofolojia: katika *2lienda* ni kiambishi cha nafsi, katika *wa2* na *ki2* ni mzizi. Haitumiki kamwe kwa *t* ya *mti*. Vivyo hivyo *c* ni kikanushi katika *cjui*, ni sehemu ya shina katika *cku*, na ni silabi ya mwisho katika *bac*. Anayeandika hivi ameigawa lugha kwa silabi zilezile za ubao wa darasa la kwanza. Kufuta irabu, kwa upande mwingine, kuna mipaka mikali: *vp*, *hbr* na *asb* hupita kwa sababu ni maneno ya salamu yanayotarajiwa, lakini hakuna anayeandika *pk* akitegemea msomaji achague kati ya *paka*, *pika* na *pokea*. Vijana wamegundua tena, bila kuambiwa, kile ambacho waandishi wa hati ya Kiarabu walikijua walipokataa kuacha alama za irabu: Kiswahili hakisomeki bila irabu zake.

Uchunguzi wa Plester, Wood na Joshi (2009) kwa watoto 88 wa Uingereza wenye umri wa miaka 10 hadi 12 ulikuta kwamba waliotumia vifupisho zaidi walikuwa pia wasomaji bora. Matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa Kibiti moja kwa moja. Kiingereza kina tahajia ya namna nyingine, na watoto wale walizungukwa na vitabu. Hata hivyo yanatoa tahadhari kwa wanaohukumu bila kupima.

Nani hajui kuandika

Tathmini ya kwanza ya Uwezo nchini, ya mwaka 2010, ilionesha kuwa takribani wanafunzi watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Walio wengi kati yao hawakuwa na simu. Hawakuwa wamefikia hata umri wa kuandika *xaxa*. Serikali ililiona tatizo mahali lilipo ilipoleta mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu kwa madarasa ya awali mwaka 2015, ingawa katika mazungumzo ya ofisi za walimu lawama imeendelea kuelekezwa kwenye simu.

Upo ukweli katika lawama hiyo, nao unamhusu kijana mmoja mahususi: yule aliyeacha shule darasa la sita au la saba kabla tahajia haijamkaa, akaenda kuvua kamba au kulima mpunga, na ambaye ujumbe wa simu ndio uandishi wake wote. Mwanafunzi wa sekondari ana rejista mbili na huzibadilisha, hata kama mara nyingine hupitiwa. Kijana wa Salale au Mbuchi ana moja. Kwake *akuna* haina mpinzani, kwa sababu hakuna maandishi mengine anayokutana nayo isipokuwa yale ya wenzake na jumbe za kampuni ya simu. Kumwambia aache vifupisho ni kumwambia aache kuandika.

Na kwa kweli ameanza kuacha. Simu janja iliondoa sababu ya kitufe, ikaiacha *x* kama pambo la ujana; kisha ikaleta ujumbe wa sauti, ambao hauulizi *l* wala *r*, hauhitaji *h*, na humfaa sawasawa bibi asiyewahi kukaa darasani na mjukuu aliyehitimu. Wakati huohuo, mwaka 2012 majibu ya mtihani wa darasa la saba yalianza kusahihishwa kwa mashine, na mtahiniwa aliweka kivuli kwenye herufi ya jibu alilolichagua. Mtoto wa delta aliweza kupita katika mtihani huo wa Kiswahili pasipo kuonesha kama angeweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa babu yake aliyeko Mafia.