Congo na mapenzi ya jinsia moja: sheria inasema nini, na nini haisemi

Mutu akipanda treni Luena, akashuka mpaka Lubumbashi, kisha akaendelea na barabara mpaka Kasumbalesa na kuvuka mpaka, anakuta sheria ingine kabisa juu ya jambo moja. Ku Zambia, mwanaume anayelala na mwanaume mwenzake anaweza kufungwa kuanzia miaka 15 mpaka maisha. Huku kwetu Congo, kitabu cha sheria za makosa hakina hata kifungu kimoja kinachoazibu watu wazima wawili wa jinsia moja kwa jambo wanalofanya kwa kupatana, mu nyumba yao.

Wengi wakisikia hivi wanakataa. Wanasema, “Lakini Katiba inakataza!” Katiba ya tarehe 18 februari 2006, mu kifungu 40, inasema kila mutu ana haki ya kuoana na mutu anayemuchagua, wa jinsia tofauti. Ni neno juu ya ndoa. Wanaume wawili hawawezi kwenda ku komine kuandikisha ndoa, na Sheria ya Familia inasema vilevile. Lakini kukosa haki ya ndoa haiko kosa la kupeleka mutu mu kasho. Mambo haya mawili yanachanganywa kila siku, mu kanisa, mu soko, na hata ku polisi.

Tofauti na majirani inatoka ku ukoloni. Sheria zetu za makosa zilitolewa na Wabeljiki kwa dekre ya tarehe 30 januari 1940, nao walikuwa wanafuata mufano wa Ufaransa, inchi iliyoondoa kosa hili mu 1791. Waingereza walileta yao, na Zambia, Kenya, Uganda na Tanzania wamebaki nayo. (Wanasiasa wengi wa kule wanaiita desturi ya Afrika, ilifika na meli.) Burundi, iliyotawaliwa na Wabeljiki sawa sisi, ilijiwekea kifungu chake mu 2009: miezi mitatu mpaka miaka miwili ya kifungo.

Sasa kama sheria haiazibu, kwa nini watu wanakamatwa? Mara nyingi wanaletewa kifungu 176, kile cha kuharibu adabu mbele ya watu. Azabu yake ni siku 8 mpaka miaka 3 ya kifungo, na amande, ao kimoja tu cha hivi viwili. Neno lenye nguvu mule ni “mbele ya watu”. Linamugusa mutu yeyote, mwanaume na mwanamuke pia, anayefanya jambo la haya fasi watu wanaona. Halisemi kitu juu ya mavazi, namna ya kutembea, sauti, ao uvumi wa jirani. Lakini ndivyo linavyotumiwa: kijana anasemwa na watu wa avenue, polisi wanakuja, simu yake inafunguliwa, picha zinatafutwa, na mazungumuzo ya feza yanaanza.

Hapo Katiba iko na mengi ya kusema, na ni vizuri kila mutu ayajue, hata yule asiyehusika na jambo hili. Kifungu 17 kinasema hakuna mutu anayefuatiliwa kwa tendo ambalo halikuwa kosa wakati alipolifanya. Kifungu 18 kinataka mutu aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu, mu luga anayoisikia, na aruhusiwe kuzungumuza na jamaa ao avoka wake. Garde à vue haiwezi kupita saa 48. Kisha mutu anaachiliwa ao anapelekwa mbele ya wakubwa wa sheria. Kifungu 31 kinalinda maisha ya siri na barua za kila mutu.

Kifungu 13 nacho kinakataza ubaguzi na kutaja sababu nyingi: dini, kabila, asili ya jamaa, mawazo, luga. Mapenzi ya jinsia moja hayamo mu ile liste. Ndiyo pengo kubwa, na watetezi wa haki za binadamu wanalijaza na vifungu 11 na 12, vinavyosema watu wote wako sawa mu heshima na mbele ya sheria.

Sheria ya tarehe 20 julai 2006 juu ya ubakaji inafaa kutajwa pia. Inatambua kwamba mwanaume anaweza kubakwa, na inalinda kila mutoto asiyefika miaka 18. Kutetea watu wazima hakufungui mulango wa kugusa watoto, ingawa mara nyingi inasemwa hivyo.

Huku Congo vita kubwa iko mu bunge. Mu 2010 depite Ejiba Yamapia alileta pendekezo la kufunga watu hawa miaka 3 mpaka 5. Mu 2013 Steve Mbikayi alileta lake. Hakuna iliyopita kuwa sheria. Ku majirani vita iko mu tribinali, na matokeo yanachanganyika. Tarehe 24 mei 2019, majuji wa Nairobi walikataa kufuta vifungu vya wakati wa ukoloni. Lakini tarehe 24 februari 2023, Tribinali Kuu ya Kenya, majuji watatu kwa wawili, ilisema kukataa kuandikisha shirika la watu hawa ni ubaguzi. Ku Mombasa, mu 2018, majuji wa rufaa walikataza kulazimisha mufungwa apimwe mwili ili kutafuta “alama”. Uganda ilienda njia ingine: tarehe 3 april 2024 tribinali yake iliacha karibu sheria yote ya 2023, pamoja na azabu ya kifo kwa hali fulani, ikafuta vipande vichache kama ule wa kulazimisha watu kushitaki majirani.

Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, ilipokutana Luanda mu 2014, iliomba serkali zote kulinda watu wanaopigwa ao kuuawa juu ya mapenzi yao, ya kweli ao ya kuzaniwa. Azimio lile, namba 275, linahusu Congo pia.

Kunyanganya feza kwa vitisho ni kosa, hata anayetishwa akiwa mutu ambaye jamaa yake haimupendi, na anaweza kupeleka malalamiko ku parke. Shida ni kwamba anapaswa kueleza mbele ya OPJ kwa nini alikuwa anatishwa, na mu muji mudogo ambamo kila mutu anajua nyumba ya mwenzake, wengi wanaona afazali kulipa.