Swali Lililochekwa

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea mlimani, katikati ya migomba na mibuni, utafika Mweka, penye chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1963. Wengi wakikisikia chuo hicho huwaza tembo na simba. Mimi humkumbuka Erasto Mpemba.

Mwaka huo huo wa 1963, Mpemba alikuwa kidato cha 3 Magamba, Lushoto. Wanafunzi walichemsha maziwa na sukari, wakayapoza, kisha wakayagandisha yawe aiskrimu. Siku moja, akihofia kukosa nafasi katika jokofu, Mpemba aliyaweka yangali ya moto. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam, swali likajaribiwa katika maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la kufundishia fizikia la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma hapo Mweka.

Kuhusu maji, wataalamu wangali wanabishana hata leo. Lakini jina halikufa. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walitoa matokeo ya jaribio lao katika mashine ambayo ni ndugu wa kompyuta za kwantamu. Walipanga ayoni 12, yaani atomu zenye chaji, wakaziongoza kwa miali ya leza. Ulinganifu uliovurugwa zaidi ulirudi upesi kuliko ule uliovurugwa kidogo. Mwendo huo wanauita athari ya Mpemba ya kwantamu. Hivyo jina la kijana wa aiskrimu limo katika sayansi mpya kabisa.

Msomaji mpenzi, sikuandika haya ili kumsifu Mpemba tu. Nilipokuwa mwalimu kijana, mvulana mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, Kibo iko karibu zaidi na jua kuliko sisi, mbona ndiko kwenye theluji?" Sikujua jibu. Badala ya kukiri, nilimwambia apande akaiulize theluji yenyewe. Darasa zima liliangua kicheko. Hakuuliza tena mpaka alipomaliza shule.

Jibu nililisoma baadaye: hewa hupata joto lake zaidi kutoka ardhini, nayo ikipanda hutanuka na kupoa. Sentensi moja tu! Lakini nilipoipata, mwenye swali alikuwa amekwisha kuondoka, wala sijui alikokwenda.

Baadaye, nilipokuwa nikiwafunza walimu chuoni, kila mwaka niliwasimulia kisa changu kabla ya kile cha Mpemba. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nami niliwaongezea: mwalimu kusema "sijui, tutafute pamoja" si aibu. Aibu ni ile ninayoibeba mimi, kila asubuhi Kibo inapojifunua mawinguni.