Wanajeshi na Reli Kongwe ya Kenya

Mnamo mwaka 2020 garimoshi la abiria liliondoka Nairobi likafika tena Nanyuki, mji wa makambi ya jeshi ulio chini ya Mlima Kenya. Kwa miaka mingi njia hiyo ilikuwa imeachwa kuota majani. Hupita Thika, Sagana, Karatina na Kiganjo, mahali palipo na chuo ambacho vizazi vingi vya polisi wa Kenya wamepatia mafunzo. Wasikilizaji walio katika majeshi watapendezwa hasa na waliofanya kazi hiyo. Haikukabidhiwa kampuni kubwa ya kigeni. Ilifanywa na mafundi wa Shirika la Reli la Kenya, wahandisi wa Majeshi ya Ulinzi na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa.

Askari na reli hawakukutana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka huo, na zamani walipokutana mwananchi hakupata nafuu. Waingereza walianza kutandika reli Mombasa mwaka 1896, wakafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Shabaha yao kubwa ilikuwa kuishika Uganda na chimbuko la Mto Nile kabla mataifa mengine ya Ulaya hayajawahi. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Simba wa Tsavo ndio wanaosimuliwa mpaka leo, ingawa maradhi yaliua wengi zaidi kuliko simba.

Wanandi waliona upesi kwamba chuma hicho hakikuja kwa heri. Waling'oa nyaya za simu na boliti za reli, wakapambana na vikosi vya mkoloni kwa muda wa miaka kumi hivi, mpaka Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa na ofisa wa Kiingereza, Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa kwa jina la amani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Wajerumani walivuka mpaka kutoka Tanganyika ili kuilipua njia hiyohiyo. Waingereza wakajibu kwa kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kupitia Taveta, na mwaka 1916 ikaungana na njia ya Tanga na Moshi pale Kahe. Hivyo ndivyo reli za Kenya na Tanzania zilivyounganishwa kwanza: kwa ajili ya kubeba mizinga. Tena mwaka 1954, baada ya msako mkubwa wa Nairobi, magarimoshi yalibeba watu waliotuhumiwa kuwa Mau Mau kwenda vizuizini Manyani na Mackinnon Road.

Hata hivyo adui aliyeiangusha reli hakuwa na bunduki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, injini, mabehewa na karakana zilizokuwa za pamoja ziligawanyika, na Kenya ikaanzisha shirika lake mwaka uliofuata. Malori na mabasi yakachukua mzigo na abiria. Mwaka 2006 uendeshaji ukapewa kampuni binafsi kwa mkataba wa miaka 25, nao ukavunjwa mwaka 2017 kabla haujafika hata nusu. Mwaka huohuo reli mpya iliyojengwa kwa mkopo wa China ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi. Ni njia pana na ya kasi. Lakini stesheni yake ya Nairobi iko Syokimau, nje ya mji, na abiria aliyeshuka hapo alihitaji reli ileile ya mkoloni imfikishe katikati ya jiji. Ndipo ya zamani ikakumbukwa.

Kazi ya kuifufua haina fahari. Ni kufyeka vichaka, kubadili mataruma yaliyochakaa, kukaza boliti, kumwaga kokoto na kuzibua mitaro ili maji ya mvua yasile tuta. Stesheni nazo zilihitaji mapaa, rangi na mabenchi. Kwa treni za mijini, Kenya ilinunua mabehewa ya dizeli yaliyokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Walikuwapo waliocheka, lakini mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda kazini hakuwa na sababu ya kucheka.

Baada ya Nanyuki ilifuata njia ya Nakuru hadi Kisumu, na Desemba 2021 abiria walifika tena kwenye ziwa. Lakini Februari mwaka huo, huko Kibos karibu na Kisumu, nyumba zilizosemekana kujengwa katika ardhi ya reli zilibomolewa chini ya ulinzi wa polisi, na watu zaidi ya 3,000 wakabaki bila makazi. Wengi wao walikuwa Wanubi. Babu zao ni askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza kuitumikia serikali ya kikoloni, wakakaa hapo kwa vizazi. Walioamriwa kusimamia ubomoaji na waliobomolewa nyumba walikuwa, kwa namna fulani, watu wa sare moja. Treni ya Kisumu ilipopita Kibos miezi kumi baadaye, baadhi ya wazee wa mahali hapo walikuwa wangali wakidai haki ya viwanja vyao.