Kijana wa Stoo, Tochi ya Kijani na TV za Chogo Zinazofufuliwa

Wadau, rimoti ikipotea nyumbani kwa dakika tano tu tayari ni kesi. Makochi yanafunuliwa, watoto wanahojiwa, kila mtu anamshuku mwenzake. Lakini wachache wanajua hiki kidude kilianzaje. Na wachache zaidi wanajua kwamba huko Marekani kuna watu ambao kazi yao ya wikiendi ni kutafuta TV za chogo za miaka ya 1950, kuzifungua, kuzitengeneza upya na kusubiri waone kama rimoti yake bado inaitikiwa.

Hao watu si mastaa. Majina yao hayajulikani na wengi hawalipwi kitu. Ila TV wanazozifufua zimebeba ugomvi wa zamani: nani hasa ni baba wa rimoti?

Bosi aliyechoshwa na matangazo

Hadithi inaanzia Chicago, kwenye kampuni ya Zenith. Bosi wake, Eugene McDonald, alikuwa hapendi kabisa matangazo ya biashara kwenye TV. Alitaka mtazamaji aweze kuyanyamazisha bila kunyanyuka kwenye kiti.

Mwaka 1950 kampuni ikatoa rimoti iliyoitwa Lazy Bones, jina ambalo kwa Kiswahili cha mtaani ni kama kusema "mvivu". Ilikuwa na waya mrefu kutoka kwenye kochi hadi kwenye TV. Ukibonyeza, mota ndani ya TV inazungusha kitasa cha chaneli. Ilifanya kazi, tatizo ni ule waya. Ulikatiza sebule nzima na watu wakawa wanajikwaa. Basi ikabidi itafutwe rimoti isiyo na waya.

Kijana wa stoo

Hapo ndipo anaingia Eugene Polley. Huyu alianza kazi Zenith mwaka 1935 kama kijana wa stoo, akilipwa senti 40 za dola kwa saa. Alipanda taratibu, ngazi kwa ngazi, mpaka akawa mmoja wa wabunifu wa kampuni.

Mwaka 1955 akaja na Flash-Matic. Kwa macho ya leo unaweza kucheka: ni tochi ya kijani yenye umbo kama bastola ya kwenye filamu za anga. TV yenyewe ilikuwa na macho manne ya kuhisi mwanga, moja kila kona ya kioo. Ukimulika kona moja TV inawaka au kuzima, kona nyingine inakata sauti, na mbili zilizobaki zinapeleka chaneli mbele au kuirudisha nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa rimoti ya kwanza ya TV isiyo na waya.

Lakini ilikuwa na kasoro. Watu walisahau kona ipi ni ya nini. Halafu jua la mchana likipenya dirishani na kugonga jicho mojawapo, TV inaanza kubadili chaneli yenyewe. Fikiria umekaa zako unaangalia mchezo, mara chaneli inahama na hakuna aliyegusa kitu. Ungemwita mganga.

Daktari kutoka Vienna

Kampuni ikataka njia nyingine. Mawimbi ya redio yalikataliwa kwa sababu yanapita ukutani, na jirani angeweza kukubadilishia chaneli. Watu wa mauzo nao wakasema hawataki betri, maana betri ikiisha mteja atadhani TV ndiyo mbovu.

Jibu likatoka kwa Robert Adler, mzaliwa wa Vienna, mwenye shahada ya udaktari wa fizikia. Alitumia sauti. Ndani ya rimoti yake, Space Command ya mwaka 1956, kuna vijiti vya alumini vya kama sentimita 6 hivi, kila kimoja na urefu wake. Ukibonyeza kitufe, kinyundo kidogo kinagonga kijiti. Kijiti kinatetema takriban mara 40,000 kwa sekunde, sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii, lakini TV inaisikia. Hakuna betri wala waya. Unachosikia wewe ni "klik" ya kitufe tu.

Gharama ilikuwa kubwa. TV ilibidi iongezwe valvu sita za kioo ili ielewe ile sauti, na bei ikapanda kwa karibu asilimia 30. Hata hivyo mtindo huo wa sauti ulidumu sokoni kwa takriban miaka 25, japo nao ulikuwa na vituko vyake: funguo zikigongana au sarafu zikidondoka, TV ingeweza kudhani imeamrishwa.

Hapo ndipo jina la Polley lilipofunikwa. Kwa miaka mingi magazeti yalimwita Adler baba wa rimoti, na yule wa tochi akabaki pembeni. Adler alistahili sifa, hilo halina ubishi. Lakini aliyetangulia kukata waya ni yule aliyetokea stoo.

Fundi anakutana na nini

Sasa turudi kwa wale wasio na majina. Kosa la kwanza linaloua TV ya zamani ni kuichomeka ukutani siku ile ile umeipata. Ndani kuna kapasita za karatasi na nta ambazo zimeshaoza kwa umri. Umeme ukiingia wote kwa mpigo, transfoma inaweza kuungua na hapo mchezo umekwisha. Kwa hiyo wenye uzoefu wanabadilisha kapasita kwanza, moja moja, halafu wanapandisha umeme kidogo kidogo huku wakinusa kama kuna moshi. Na chogo lenyewe ni la kuheshimiwa: linabeba volti maelfu, na linaweza kukupiga hata kama TV imeshachomolewa.

Halafu kuna shida ya matangazo. Vituo vikubwa vya Marekani vilizima analojia tarehe 12 Juni 2009, kama Dar es Salaam ilivyozima mwisho wa 2012 watu wakakimbilia ving'amuzi. TV ya 1955 ikiwaka leo bila kifaa cha kuigeuzia mawimbi inaonyesha chenga tupu.

Kwa upande wa rimoti, Space Command ni rahisi kuliko unavyodhani. Mara nyingi inahitaji kusafishwa tu uchafu uliokwamisha kinyundo. Haina betri ya kuvuja wala saketi ya kuungua. Mwiko mmoja: usikikwangue kijiti, maana ukipunguza urefu sauti inabadilika na TV haitakuelewa tena.

Flash-Matic ndiyo inayotafutwa kama dhahabu, kwa sababu ile bastola ya kijani ilipotea ovyo, watoto waliigeuza mdoli. Lakini hapa kuna utamu wake. TV ikishapona na macho yake manne yakawa hai, huhitaji bastola. Tochi yoyote inatosha. Unamulika kona, na TV iliyotengenezwa miaka 70 iliyopita inatii.

Mwanga ulirudi

Mwaka 1997 Polley na Adler walipewa tuzo ya Emmy kwa pamoja. Adler alifariki 2007, Polley akafuata 2012 akiwa na miaka 96.

Lakini ushahidi mkubwa uko mkononi mwako. Kuanzia miaka ya 1980 rimoti za sauti ziliachwa, zikaja za infraredi. Infraredi ni nini? Ni mwanga, ila jicho haliuoni. Yaani dunia ilizunguka weee, ikarudi kwenye wazo la kijana wa stoo: elekeza mwanga, TV itii.

Ndiyo maana kazi ya hawa mafundi wasiojulikana ina uzito. Gazeti linaweza kukosea jina na kosa likarudiwa miaka 40. TV inayowaka haibishaniwi. Unaimulika, inajibu.

Haya wadau, baba wa rimoti ni nani: aliyeanza au aliyeifanya idumu? Tiririka hapo chini.