"Monetize" na mwenye chapa

Kila nikimtengenezea mtu tovuti, kabla hata sijamaliza huniuliza: "Sasa hii tutaimonetaizije?" Basi juzi nikaamua kulichimbua hili neno la Kiingereza, "monetize". Kumbe lina mambo!

Tuanzie Roma. Juu ya kilima cha Capitolino palikuwa na hekalu la mungu wa kike Juno, kwa lakabu Moneta, lililowekwa wakfu mwaka 344 K.K. Baadaye karakana ya kupigia chapa sarafu ikawa hapo hapo jirani, na jina Moneta likahamia kwenye sarafu zenyewe. Hapo ndipo Waingereza walipopata "money".

Kitenzi chenyewe ni cha karne ya 19, na kilihusu madini: kuyafanya dhahabu au fedha kuwa pesa halali. Huko Marekani mtu aliweza kupeleka madini yake ya fedha serikalini yakapigwa chapa yawe dola. Sheria ya 1873 ikaifuta haki hiyo. Wachimbaji na wakulima wenye madeni walilalamika miaka na miaka, wakaiita "Jinai ya 1873". Fedha ilikuwa ile ile, kilichokosekana ni chapa.

Karne ya 20 wanauchumi wakalitumia kwa benki kuu inayonunua deni la serikali kwa pesa mpya. Mtandao ulipovuma mwishoni mwa miaka ya 1990, likawa kugeuza wasomaji kuwa mapato.

Kinyume chake tunakijua. Oktoba 1, 2019 noti za zamani za Sh1,000 hapa Kenya ziligeuka makaratasi. Na Januari 2018 YouTube ilitangaza kwamba bila wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, hungepata pesa za matangazo. Video za wadogo zilikuwa zile zile, chapa ikaondoka.

Umeona? Anayekipa kitu thamani ya pesa si mwenye kitu, ni mwenye chapa. Kwa hivyo matangazo weka ukipenda, lakini jenga pia tovuti yako mwenyewe, uwe na anwani za wasomaji wako, na wanaoweza wakulipe moja kwa moja.

Cicero aliandika kwamba jina Moneta lilitokana na kuonya. Haya, nami nimeonya. Wewe wasemaje?