Mbona Hakuna Mwenye Huulizia Tangi?

Hapa Nyamache pikipiki ikishika moto, steji nzima itauliza maswali mawili: alikuwa amekunywa? Alikuwa anakimbiza? Hakuna mwenye ataulizia tangi.

Na kuna mahali waliulizia. Mei 1972, California, gari aina ya Ford Pinto lilizimika katikati ya barabara kuu, likagongwa kutoka nyuma, tangi likatoboka, moto. Dereva alifariki. Mvulana wa miaka 13 aliyekuwa naye aliungua vibaya sana. Kumbe tangi lilikuwa nyuma ya ekseli, karibu na bampa, na majaribio ya kampuni yenyewe yalishaonyesha linavuja likigongwa. Kurekebisha kungegharimu dola chache tu kwa kila gari. Dola chache, jameni! Mwaka 1978 jopo la raia mahakamani likasema Ford ilipe adhabu ya dola milioni 125, juu ya fidia. Jaji akaipunguza hadi milioni 3.5, na 1981 mahakama ya rufaa ikaiacha hapo.

Wenye mtasema hiyo ni Marekani, fungueni Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46: mtumiaji ana haki ya kulipwa akiumizwa na kasoro ya bidhaa. Nilikaa chuo kikuu hadi nikaacha, na hakuna siku nilisikia hiyo ikitajwa.

Ngumu ni ushahidi. Tangi likishauzwa skrapu, utamwonyesha jaji nini? Na kama fundi wa jua kali alikuwa amelichomelea, mtengenezaji atasema hilo si lake tena. Kwa hivyo msee, pikipiki ikiungua, usiuze hiyo chuma. Ipige picha, tafuta risiti, kisha utafute wakili.