Dreja la Mtumba na Mito Mikavu ya Lupa

Chukulia umetumiwa picha kwenye simu. Mtambo mdogo unaelea juu ya maboya mawili: una injini ya petroli, pampu, bomba nene la kunyonya na mfereji wa kuoshea mchanga. Muuzaji yuko Tunduma, anasema umetumika kidogo tu na bei inazungumzika. Wewe una akiba yako ya miaka miwili, una wikiendi zako, na umesikia kwamba Songwe kuna dhahabu. Ni kweli, ipo. Lakini kabla hujatuma hata hela ya utangulizi, swali la kwanza la kumuuliza lisiwe bei wala umri wa injini. Muulize hivi: mtambo huu ulikuwa unafanya kazi mto gani, na kwa nini haupo huko tena?

Hilo ni swali la historia zaidi kuliko la ufundi. Madreja ya dhahabu yamekuwa yakiuzwa na kuhamishwa karibu tangu yalipobuniwa. Mwaka 1881, katika mto Clutha huko Otago, New Zealand, lilianza kazi dreja la mvuke lililoitwa Dunedin. Lilikuwa na ndoo za chuma zilizofungwa kwenye mnyororo. Zinazama, zinachota kokoto za chini ya mto, zinapanda na kumwaga ndani ya mtambo. Wazo hilo likavuka bahari. Likafika California, kisha Yukon kule Kanada, na mitambo ikakua hadi kufikia ukubwa wa jengo la ghorofa kadhaa linaloelea.

Sasa, jengo la namna hiyo hulitupi bonde likiisha dhahabu. Unalifungua vipande, unalibeba, unalijenga upya mahali pengine. Dreja maarufu la Yukon, lile Namba 4, lilijengwa mwaka 1912, likafanya kazi, likazama, likafufuliwa, na mwaka 1941 likajengwa upya katika bonde la Bonanza ambako liliendelea hadi 1959. Kule Sumpter, jimbo la Oregon, dreja lililoanza kazi mwaka 1935 lilijengwa kwa kutumia vipuri vingi vya dreja la zamani lililokuwa limesimama kwa miaka kama kumi. Kwa lugha yetu, lilikuwa mtumba.

Kwa nini 1935, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi duniani? Jibu ni bei. Mwaka 1934 serikali ya Marekani ilipandisha bei ya wakia moja ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Chuma kilichokuwa kinaoza kikageuka mali kwa usiku mmoja. Tangu hapo hadi leo naona hali ni ileile: dhahabu ikipanda bei, vyuma vya zamani vinafufuka, na wauzaji wake wanapata ulimi mtamu.

Upepo huohuo ndio uliovuma hadi kwetu. Dhahabu ya Lupa, kaskazini mwa Mbeya, iligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Mbeya yenyewe ikaanza kukua kama mji tangu 1927 ikiwa kituo cha kuhudumia machimbo. Lakini vurugu zenyewe zilikuja miaka ya 1930. Septemba 1931 Uingereza iliacha kuifunga paundi yake kwenye dhahabu, kwa hiyo dhahabu ikawa na thamani kubwa zaidi kwa paundi, huku bei za kahawa na mkonge zikiwa chini kabisa. Walowezi waliofilisika Kenya na kusini mwa Afrika wakamiminika Lupa. Wakaja pia maelfu ya Waafrika, Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha na wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, na hao ndio waliochimba. Mzungu alikuwa na leseni na kiti. Sululu ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Kumbukumbu nyingi za zama zile zimeandikwa na mwenye kiti, jambo la kukumbuka kila unaposoma habari za "mchimbaji" wa Lupa.

Kwa hiyo bei ilikuwa nzuri, watu walikuwa wengi, na teknolojia ya dreja ilikuwa imekomaa kwa zaidi ya miaka 50. Mbona basi Lupa haikujulikana kwa madreja yanayoelea kama Yukon?

Maji. Dreja linaishi ndani ya bwawa lake. Vijito vya Lupa vinavyoteremka kuelekea Ziwa Rukwa vingi ni vya msimu: masika vinafurika, kiangazi unatembea juu ya mchanga mkavu. Wachimbaji wa miaka ya 1930 walijua hilo, ndiyo maana kiangazi walitumia kifaa cha kuosha bila maji. Ni chekecheo lililounganishwa na mivukuto: unamwaga mchanga mkavu, unapuliza hewa kutoka chini, vumbi jepesi linaruka na vizito vinabaki nyuma ya vizuizi. Mtu aliyewahi kupepeta mpunga kwenye ungo ataelewa bila mchoro.

Sayansi yake ni moja tu, iwe ni ungo, karai au dreja. Mchemraba wa dhahabu wenye upana wa sentimita moja una uzito wa gramu 19.3; wa mawe meupe ya kwazi una gramu 2.65. Ule mchanga mweusi unaokusumbua kwenye karai, wenye chuma, uko kwenye gramu 5 hivi. Ukitikisa vyote ndani ya maji yanayotembea, chepesi kinachukuliwa, kizito kinazama. Dreja dogo la kunyonya, lile la kwenye picha yako, halifanyi muujiza mwingine. Pampu inasukuma maji kwa kasi ndani ya bomba, kasi hiyo inazalisha mvuto, mvuto unapandisha kokoto na mchanga hadi kwenye mfereji wenye vizuizi na zulia. Zingatia kwamba kokoto hazipiti ndani ya pampu yenyewe. Ukikuta pampu imelika na kukwaruzwa sana kwa ndani, ujue imekuwa ikinywa maji yenye mchanga, na utalipia wewe.

Turudi kwenye swali letu: kwa nini haupo huko tena? Kuna sababu isiyohusu uzee wa injini. Mwaka 2009 jimbo la California, ambako madreja haya madogo yalikuwa burudani ya watu wengi wa mwisho wa wiki, lilisimamisha matumizi yake mitoni. Moja ya hoja ilikuwa zebaki. Wachimbaji wa karne ya 19 waliimwaga kwa wingi, ikatulia chini ya mito, na bomba la kunyonya linaiamsha upya. Unaona inakoelekea? Mfereji na zulia vilivyotumika vinaweza kuwa na zebaki kwenye mipasuko. Usivikaribishe nyumbani kwa watoto, na usichome zulia kuukuu kwa matumaini ya kupata chenga za dhahabu, maana mvuke wake unaingia mapafuni bila harufu.

Halafu kuna sheria zetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 za kingo za mto. Sheria ya Madini ya 2010 nayo haina kipengele cha "najiburudisha tu": kuchimba ni kwa leseni, na leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Mtanzania. Mtu wa Vwawa anayefikiri atashusha dreja mto Songwe Jumamosi asubuhi ajiulize kwanza ni Songwe upi. Iko miwili. Mmoja unaingia Rukwa, mwingine unaingia Ziwa Nyasa na ndiyo mpaka wetu na Malawi, ambako utakuwa na maelezo ya kutoa kwa serikali mbili.

Mimi ningekuwa na mtaji huo nisingeununua mtambo ule. Si kwamba madreja ni mabaya. Ni kwamba yalibuniwa kwa mito mipana isiyokauka yenye dhahabu huru kwenye kokoto. Hapa kwetu sehemu kubwa ya hadithi ilihamia kwenye miamba zamani. Mgodi wa New Saza, ambao sasa uko Wilaya ya Songwe, ulifuata mikanda ya kwazi chini ya ardhi kuanzia 1939 hadi 1956, na New Luika, uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2012, nao ni wa miamba. Mchimbaji mdogo naye anashuka kwenye duara, anatoa mawe, anayapeleka kwenye karasha, ndipo anaosha.

Na hapo ndipo penye soko la kweli la vitu vilivyotumika. Kuosha kwa zebaki huacha dhahabu nyingi, mara nyingi zaidi ya nusu, ndani ya mchanga unaobaki. Wachimbaji wanauita marudio. Unarundikwa, unauzwa kwa tripu, unamwagwa kwenye matenki na kulowekwa kwa sianidi, kisha kaboni inakusanya dhahabu ambayo karai liliikosa. Pita barabara ya Mkwajuni kiangazi utaona vilima vyake vya kijivu pembeni mwa machimbo, na malori yakisubiri kupakia.